Nipo fildi darasa la awali, nimeambiwa niangalie watoto wanavyojifunza hesabu na sayansi kwa kucheza, mi naona wanacheza tu

ticha_mtarajiwa (Uyole, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho diploma ya ualimu, sasa hivi nipo fildi kwenye shule moja huku Uyole, nimepangiwa awali, watoto wa miaka 4 mpaka 6 hivi. Kazi yenyewe ni kukaa wiki tatu unaangalia watoto wakicheza halafu unaandika wamejifunza nini cha hisabati na cha sayansi. Fomu ina safu tatu: kitendo, dhana, maoni.

Wiki ya kwanza imeisha na msimamizi kanirudishia fomu zote. Nilikuwa nimeandika "wanafinyanga udongo, dhana: maumbo", "wanaruka kamba, dhana: kuhesabu", "wanacheza duka, dhana: kujumlisha na kutoa". Kaniandikia juu kabisa kwa kalamu nyekundu HUJAANGALIA, HAYA NI MAJINA YA MICHEZO. Siwadanganyi, nimelia kidogo chooni.

Shida zangu ni hizi. Nikisogea karibu wanaacha kucheza wananikodolea macho mimi, au wanaanza kuniimbia moja mbili tatu nne mpaka kumi ili niwapigie makofi. Nikimuuliza mtoto hapa vipo vingapi ananijibu vizuri kabisa, nikirudia swali ili nihakikishe anabadilisha jibu, sasa sijui niandike anajua au hajui. Na mwalimu mwenyeji naye ananiambia we binti simama ufundishe, wazazi wakipita hapo nje wanaona mwalimu kakaa kwenye kigogo anaandika barua. Darasa lina watoto 87, mvua za huku mnazijua, wakitoka nje wanarudi na tope mpaka masikioni.

Aliyewahi kufanya hii kazi naomba anisaidie, unaangalia nini hasa? Nisije nikarudia mwaka kwa ajili ya tope.

---

Mnyalu_mstaafu (Kihesa, Iringa)

Marahaba mwanangu, kamwene. Futa machozi, huyo msimamizi kakusaidia japo kalamu nyekundu sio ya kumwandikia mtu mzima. Nimefundisha madarasa ya chini miaka 31, minane ya mwisho ilikuwa awali, na hata mimi mwanzoni nilikuwa naandika kama wewe.

Kosa lako ni kwamba unaijaza ile safu ya dhana kabla mtoto hajafanya kitu. Ukishaandika "kuhesabu" macho yanapumzika, huoni tena. Iache tupu hiyo safu mpaka jioni ukiwa nyumbani na chai yako. Pale kwa watoto andika mikono imefanya nini na mdomo umesema nini, maneno yaleyale na makosa yake yaleyale, usimsahihishie kwenye karatasi.

Nikupe mfano wa kuhesabu maana hapo ndo wengi tunadanganyika. Ule wimbo wanaokuimbia ni wimbo kama ukuti ukuti, mtoto anaweza kuufikisha ishirini na tatu asiijue ni nini. Kuhesabu kwenyewe ni mambo yanayokwenda pamoja: kila kitu kiguswe mara moja tu, majina yafuatane vilevile kila siku, na lile jina la mwisho ndo liwe jibu la vyote. Hilo la mwisho ndo kigingi. Nilikuwa na mtoto mmoja akihesabu vizibo vyake vya soda vitano hakosei hata kimoja, ukimuuliza haya viko vingapi anaanza upya, moja mbili tatu nne tano. Uliza tena, anaanza tena. Kwake "vingapi" ilikuwa amri ya kuhesabu, haikuwa swali. Siku moja tunacheza duka nikamwambia niuzie viwili, kanipa viwili. Niuzie vitatu, kanipa konzi nzima. Niuzie vinne, konzi. Nikajua huyu kafika kwenye mbili, tatu bado inamponyoka, na nimeyajua hayo ndani ya nusu dakika bila mtihani wala kumtisha. Alikaa hapohapo miezi, sio siku, miezi, halafu asubuhi moja akanipa vitatu huku anaangalia pembeni kama vile hajawahi kushindwa.

Sasa hiyo kwenye fomu yako ingekuwa "wanacheza duka, dhana kujumlisha na kutoa" na ingekuwa uongo mtupu maana hapakuwa na kujumlisha wala kutoa.

Kuhusu kukukodolea macho: usikae umeshika kalamu kama askari wa barabarani. Mimi nilikuwa naenda na ungo wa maharage, nakaa chini kwenye kigoda, nachambua. Dakika tano za kwanza wanakuja kukuangalia, unawaacha, wanakuchoka. Unakuwa kama mti. Kipande cha karatasi unaweka chini ya ungo, unaandika maneno matatu manne ya kukukumbusha halafu unaandika vizuri ukifika nyumbani, ila iwe siku hiyohiyo, ukilala umeshapoteza nusu.

Na hao 87 usijaribu kuwaangalia wote. Chagua wawili kwa siku, dakika kumi kumi. Mwalimu mwenyeji mpelekee maneno ya heshima, mwambie bibi mmoja wa Iringa kasema mtaala wenyewe unataka kona za kujifunzia na michezo, hujaja na mambo yako kichwani.

---

Mzee_wa_Viazi (Isyonje)

Mnapoteza muda wakuu. Sisi tulisoma chini ya mti, hesabu za kichwa, ukikosa unachapwa, na leo nauza gunia bila kalkuleta. Mtoto akicheza anacheza. Na ndama akirukaruka zizini mtasema anasoma fizikia?

---

MamaFungu (Mwanjelwa)

😂😂 Mzee wangu shikamoo. Hiyo hesabu yako ya kichwa ndo mnayotujazia nayo lumbesa.

Dada ticha mi sijasoma saikolojia mi nauza nyanya lakini kuna kitu nimekiona kwa mwanangu wa mwisho ana miaka minne na nusu, nashinda naye sokoni maana hana wa kukaa naye. Si unajua fungu la nyanya tunavyopanga, tatu chini moja juu. Huyu mtoto kuhesabu anaruka, akifika nne anasema sita, saba haijui kabisa. Lakini nikipanga fungu nikasahau ile ya juu au nikaweka mbili chini badala ya tatu ananiambia mama hili bovu. Hahesabu! Anaangalia tu, tena akiwa anapita. Nikamjaribu siku moja nikamwambia panga wewe, kapanga mafungu saba, yote sawasawa, kila moja nne. Halafu nikamuuliza fungu moja lina nyanya ngapi kasema sita 😂 Nimebaki nacheka peke yangu, jirani yangu wa vitunguu akauliza umepata mteja au umechanganyikiwa.

Kwa hiyo anajua au hajui? Mi naona anajua kwa macho na kwa mikono ila jina ndo hana. Nyie wasomi mtasema.

---

Mawingu_ya_Loleza

@MamaFungu hicho ulichokiona kina watu wamekifanyia utafiti maisha yao yote. Vitu vikiwa vitatu mpaka vinne hivi jicho la binadamu linavijua bila kuhesabu, hata mtoto mdogo sana, kuanzia hapo kwenda juu ndo unahitaji kuhesabu au kuvipanga kwa umbo. Fungu lenu la nyanya limekaa palepale kwenye mpaka, ndo maana mteja naye haibiwi kirahisi. Mwanao yuko sawa, jina litakuja.

@ticha nije kwenye lile la mtoto kubadilisha jibu ukimuuliza mara ya pili, maana hilo ni muhimu kuliko unavyodhani.

Kuna Mswisi anaitwa Jean Piaget, bila shaka mmemsoma chuoni, aliwaangalia watoto wake mwenyewe watatu toka wakiwa wachanga, anaandika kila kitu. Baadaye akawa anafanya majaribio kama hili: unapanga vitufe mistari miwili iliyo sawa, mtoto anakubali iko sawa, halafu mbele ya macho yake unautawanya mmoja uwe mrefu unamuuliza tena. Watoto wa chini ya miaka sita saba wengi wanasema ule mrefu una vingi. Na maji vilevile, ukiyamimina kutoka kikombe kipana kwenda kwenye chupa nyembamba wanasema yameongezeka. Yeye akahitimisha kwamba umri huo bado hawajashika kwamba idadi haibadiliki kwa kusogezwa.

Sasa miaka ya 1970 kule Scotland akatokea Margaret Donaldson na mwenzake James McGarrigle wakasema ngoja kwanza. Wakafanya jaribio lilelile lakini mtu mzima hagusi kitu, anatokea mwanasesere wa dubu, mtundu, anakuja kuvuruga mstari anaondoka, ndo mtoto anaulizwa. Wa miaka minne mpaka sita waliojibu sawa wakaongezeka sana. Mojawapo ya sababu wanazozitaja watu ndo hii yako: mtu mzima akiuliza swali lilelile mara mbili, tena baada ya yeye mwenyewe kusogeza kitu, mtoto anaona hapa natakiwa nijibu tofauti. Na shule zetu sisi ndo kabisa. Mwalimu akirudia swali maana yake umekosea, kila mtoto analijua hilo ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo wako hakuwa hajui idadi, alikuwa anakujua wewe.

Usiulize mara mbili. Kama unataka kuhakikisha tafuta sababu ya mchezo, kama bibi alivyosema niuzie vitatu.

Kuna jambo jingine hakuna vitabu vya Uingereza vitakavyokwambia kwa sababu lugha yao haina. Mtoto wa Kiswahili ana kazi mbili. Anajifunza moja, mbili, tatu za kuhesabia, halafu tena anatakiwa aseme kizibo kimoja, vizibo viwili, mawe mawili, watoto wawili. Na hata huo upatanisho hauko kote: moja mpaka tano pamoja na nane zinabadilika, ila sita, saba na tisa hazibadiliki maana tumezikopa kwenye Kiarabu, na kumi haibadiliki pia. Ukimsikia mtoto anasema "vizibo visita" usimcheke, andika, kashika kanuni mpaka kaipitiliza. Na kwenye makumi sikiliza sana. Kumi na moja, kumi na mbili zinajieleza zenyewe, mtoto wa Kiswahili hapo ana raha kuliko wa Kiingereza. Halafu anagonga ishirini. Haijatoka kwenye mbili, haijatoka kwenye kumi, imetoka tu. Ndo maana utasikia "ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na kumi". Hilo kosa ni zuri mno, mtoto katunga mwenyewe, hakuna mtu aliyemfundisha.

---

Mnyalu_mstaafu (Kihesa, Iringa)

Ishirini na kumi! Nimecheka peke yangu hapa. Nilikuwa naisikia kila mwaka.

---

fundi_randa (Mafinga)

Wakuu mi ni fundi seremala, si mwalimu, ila hii mada imenigusa sababu hapa karakana yangu watoto hawaishi. Mafinga mbao ni kama mchanga huko pwani, mabanzi na vipande vimejaa, watoto wa mtaa mzima wanakuja kuokota wanatengeneza magari. Body ya banzi, ekseli ya kijiti, matairi wanakata kwenye soli za ndala zilizochoka. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitano na kitu wakati huo.

Gari lake la kwanza lilikuwa linakula upande. Akilisukuma kwenye ubao linazunguka kushoto. Nilikuwa naona kabisa tatizo, tairi moja kalikata dogo, na mkono ulikuwa unaniwasha niliweke sawa kwa dakika moja, lakini nilikuwa na oda ya madirisha nikamwacha. Aisee yule mtoto alikaa na lile gari siku tatu. Kwanza akaligeuza mbele nyuma, likala kulia. Akafurahi akadhani kapona, akaligeuza tena likala kushoto, akakaa kimya. Kesho yake akaweka misumari upande mmoja kuongeza uzito, likaenda vibaya zaidi. Siku ya tatu namwona kalitoa tairi moja anaweka juu ya lingine, anayalinganisha moja moja, mpaka akakuta lile dogo. Hakusema kitu, akaenda kutafuta ndala.

Ningemtengenezea angepata gari. Ndo hivyo tu.

Nyingine ya vipimo. Alikuwa anataka banzi la urefu sawa na la rafiki yake, yeye akapima kwa shubiri yake ikawa nne, akaja kwangu baba nikatie shubiri nne, nikapima kwa shubiri zangu nikakata. Likawa refu mno. Akaniangalia kama tapeli. Akapima tena mbele yangu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita na kipande. Akashika mkono wangu akauweka juu ya wake. Kimya. Halafu akasema "baba mkono wako unahesabu vichache". Toka siku hiyo akija kuagiza anakuja na kijiti kakikata mwenyewe urefu anaoutaka. Futi kamba alikuwa anaiona kila siku inaning'inia pale ukutani ila hakuwa na haja nayo mpaka siku alipodhulumiwa.

@Mzee_wa_Viazi heshima yako mzee, lakini huyu hakuna aliyemchapa.

---

Mzee_wa_Viazi (Isyonje)

Wako ni wa fundi, lazima awe fundi. Wa kwangu wanavunja tu.

Ila nitasema hili moja. Mjukuu wangu anapenda kuchezea sado na debe, anajaza mchanga anamwaga. Juzi kanikatalia kwamba debe ni sado tano. Kasema babu ukipiga kichwa, yaani sado ukiijaza mpaka ifanye kilima juu, ni nne. Nimempigia kelele akatoka. Haya endeleeni.

---

MamaFungu (Mwanjelwa)

Huyo mjukuu mlete sokoni mzee tumwajiri leo leo 😂😂😂

---

mama_wa_Makete

Naomba na mi nichangie ya sayansi maana naona wote mmeng'ang'ania hesabu.

Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kunapiga jalidi, asubuhi majani meupe na maji kwenye beseni la nje yanafanya utando wa barafu. Binti yangu alikuwa na miaka mitano, akaokota kipande akakiweka mfukoni kwenye sweta aje kunionyesha jikoni. Kufika mfuko umelowa hakuna kitu. Akalia, akasema mdogo wake kaiba. Kesho yake akaja nacho mkononi ameshika kwa nguvu, akaona maji yanatoka kwenye vidole, akasema "mama linakojoa". Nikasema naandika hili maana nilikuwa na tabia ya kuandika kwenye kalenda.

Siku nyingine akaweka vipande viwili. Kimoja kwenye sahani karibu na jiko, kingine akakifunika blanketi la mtoto "kisisikie baridi". Mimi kichwani nikasema cha blanketi kitaisha haraka maana blanketi lina joto si ndio? Kumbe cha kwenye sahani ndo kikaisha kwanza, cha kwenye blanketi tukakikuta bado kipo. Nimekaa na hilo jambo wiki nzima, mi mtu mzima, mpaka kaka yangu anayefundisha sekondari akanielewesha kwamba blanketi halina joto lake, linazuia tu joto lisipite, la kutoka au la kuingia. Wewe likikufunika linazuia lako lisitoke, barafu likiifunika linazuia la nje lisiingie. Kwa hiyo mtoto alicheza, mama ndo akajifunza.

Lakini niseme ukweli, siku nyingine zote mbili tatu zilizofuata alikuwa anaivunja tu barafu kwa mguu maana inalia kwaa. Hakuna dhana pale. Dada ticha usije ukaandika dhana kila mtoto akipiga chafya.

---

Mawingu_ya_Loleza

@mama_wa_Makete hiyo kalenda yako itunze. Miaka ya 1924 mpaka 1927 kulikuwa na mama mmoja Susan Isaacs, aliendesha shule ndogo Cambridge kule Uingereza, kazi yake kubwa ilikuwa kuandika watoto wanachosema na wanachofanya kama unavyofanya wewe. Kuna siku sungura wao alikufa wakamzika, kesho yake mtoto mmoja akasema huenda hayupo tena pale, ameshakwenda mbinguni. Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Akawauliza tuangalie? Wakafukua wakamkuta yupo, na wakafurahi kweli kujua. Huku kwetu mtu angeita mganga 😅 lakini hebu fikiria, mtoto ana dhana, ana mashaka, anaenda kuhakiki. Ndo sayansi yenyewe hiyo, na mwalimu mchango wake ulikuwa neno moja.

Na hilo la kutoandika dhana kila mahali nakubaliana nawe kabisa. Kuna walimu sasa hivi mtoto akipanda ngazi anaandikiwa "jometri". Mi nina kipimo changu: kama mtoto karudia kitu kwa kukibadilisha kidogo, au kashangaa, au kabishana na mwenzake, hapo andika. Kama karudia vilevile kwa raha tu, mwache na raha yake.

---

ticha_mtarajiwa (Uyole, Mbeya)

Jamani nimerudi. Asanteni sana, huku wanasema ndaga fijo. Nimechukua ungo wa maharage kwa mama mwenye nyumba wangu, kanicheka lakini kanipa. Siku ya kwanza haikufanya kazi maana watoto wote walikuja kunisaidia kuchambua 😭 maharage yakamwagika, tukaokota wote, ila hapo hapo nikamwona mmoja anatenga ya rangi ya maziwa na mekundu na yenye madoa, hakuna aliyemwambia, halafu akakutana na moja lina madoa mekundu juu ya rangi ya maziwa, akakaa nalo mkononi muda mreeefu, mwisho akalitia mdomoni akatema. Nimeandika yote mpaka kutema.

Mwalimu mwenyeji nimempelekea salamu za bibi wa Iringa, kasema huyo bibi aje achukue hao 87. Lakini kaniruhusu dakika 20 kila siku baada ya uji.

Swali moja: je naweza kupiga picha au vidio kwa simu, si itakuwa rahisi kuliko kuandika?

---

Mnyalu_mstaafu (Kihesa, Iringa)

Picha za watoto wa watu usipige bila mwalimu mkuu na wazazi kujua, na hata kwenye fomu usiandike majina, andika A, B, C. Halafu simu ikitoka tu mchezo umekwisha, wote wanataka kujiona. Ungo unatosha.

---

ticha_mtarajiwa (Uyole, Mbeya)

Sawa bibi. Hii ni ya leo nimeiandika jioni hii hii kabla sijalala, naomba mniangalizie kabla sijaipeleka. Kumbukeni mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, mtaro nyuma ya darasa una maji yanatembea polepole.

*Saa 4:12 hadi 4:27. A mvulana miaka 5, B msichana miaka 5, C mvulana miaka 4.*

*A ana ganda la parachichi nusu, lile gumu la parachichi za kusafirisha. Analiweka juu ya maji. Linaelea linakwenda. Analikimbilia, analirudisha. Mara tatu. B anakuja na mahindi kwenye mfuko wa sweta, anasema "tupakie abiria". Anaweka punje moja moja katikati, anahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili, C anatia konzi nzima upande mmoja. Ganda linalala upande, maji yanaingia, linazama.*

*B: "Umewakalisha upande mmoja!"*
*C: "Wamekufa."*
*A: "Lilikuwa zito ndo maana."*

*B anatoa ganda, anamwaga maji, anaanza tena. Safari hii punje moja huku, moja kule. C anakatazwa kugusa, anakaa ukingoni, anatupa punje moja moja mtaroni, kila moja inazama. Anatupa jani, linaelea. Anatupa punje, inazama. Anatupa kijiti, kinaelea. Anatupa jiwe. Anarudia punje. Hasemi kitu.*

*A anaokota jiwe dogo kama kete ya bao, analiweka katikati ya ganda juu ya mahindi. Ganda linashuka kidogo, halizami. A: "Jiwe zito." Halafu: "Lakini boti haijazama." Analitoa jiwe, analitupa majini, linazama. Wote watatu wanaangalia mahali lilipozamia.*

*C: "Huku linazama, kwenye boti halizami."*
*B: "Kwa sababu boti ina kuta."*

Hapo sikuuliza kitu nilijiuma ulimi kweli kweli maana nilitaka kusema vizuriiii. Safu ya dhana bado tupu, nitajaza kesho asubuhi. Naogopa kuijaza.

---

Mawingu_ya_Loleza

"Kwa sababu boti ina kuta." Dada usiongeze neno hata moja hapo. Na usimsahau huyo C, ndo kafanya kazi ya peke yake, punje, jani, punje, kijiti. Wa miaka minne huyo.

---

Mnyalu_mstaafu (Kihesa, Iringa)

Sasa umeangalia. Hapo kwenye maoni andika kwamba A alikuwa na sababu yake (uzito) halafu jiwe lake mwenyewe likamkatalia. Dhana utaipata tu, kuelea na kuzama, ujazo, uwiano wa uzito, haya yapo kwenye vitabu. Ila hilo la kukataliwa na jiwe lako mwenyewe halipo.

---

Mzee_wa_Viazi (Isyonje)

Parachichi za kusafirisha mnawapa watoto wachezee, halafu mnasema bei ndogo.

---

fundi_randa (Mafinga)

Ticha mbona hujatwambia, ile ya B ya mara ya pili ilibeba punje ngapi?

---

ticha_mtarajiwa (Uyole, Mbeya)

Fundi 😂 B kasema ishirini na kumi na moja. A kasema hapana ni ishirini na tisa maana mbili ziliangukia nje, wakabishana mpaka wakakunja ngumi, wakaamua kuanza upya, kengele ikalia.

C alibaki mtaroni, nilimfuata mimi.